Wavu wa Pazia na Taa Iliyozamishwa

Nianze kwa kuwataja waliokuwepo, maana nikianza na samaki nitawaacha watu nyuma, na mimi sijazoea kuacha watu. Tulikuwa wanne. Wa kwanza ni mimi, Nyangeta binti Mafuru, mjane wa Masatu, mtu wa Majita, kule Ziwa Victoria upande wa Musoma. Wa pili ni Magesa, mume wa binti yangu Neema, yaani mkwe wangu, aliyekuwa akifanya kazi ofisini Irving, huku Texas, na kusubiri kuitwa kwenye usaili wa uraia. Wa tatu ni Otieno, Mkenya wa Kisumu, nesi, aliyefanya kazi wodi moja na Neema, na ndiye aliyemfundisha Magesa kushika ndoano. Wa nne ni Mista Clarence, Mmarekani mweusi, jirani yetu wa DeSoto, nyumba ya tatu ukitokea kwetu, mstaafu kama mimi, zamani fundi wa mabasi. Baadaye akaja afisa wa wanyamapori. Jina lake lilikuwa limeandikwa kifuani lakini tochi yake ilikuwa machoni mwangu. Ndilo jina pekee la usiku ule ambalo sina, na linanisumbua.

Ilikuwa mwaka 2018, kiangazi. Mwezi wa sita au wa saba, hapo sina hakika. Nina hakika kwamba hakukuwa na mwezi angani, maana hilo huwa naliangalia hata nikiwa naumwa.

Wajukuu zangu, nyie mliozaliwa huku na nyie mliokuja kusoma, mmekuwa mkiniuliza nilifanya kazi gani. Nikijibu "kazi ya taa" mnadhani nilikuwa shirika la umeme. Mwaka huu wa ugonjwa na kukaa ndani, nikiwa hapa Alief, upande mwingine wa Texas, kwa kijana wangu Mafuru, aliyerithi jina la baba yangu, nimepewa daftari na muda mwingi, basi nitawaeleza. Mniwie radhi kwa mwandiko. Nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu mwalimu Nyamhanga akahama na darasa likahama naye.

Dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanalala nyumbani, wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Mwezi ukizama, hicho kipindi tunakiita giza, mitumbwi inatoka na karabai nne au tano, kila moja juu ya kielea chake. Karabai ni ile taa ya mafuta inayopigwa pampu, inalia shshsh usiku kucha. Dagaa wanaifuata, wanajikusanya, watu wanazungusha wavu. Ukiisimulia ni kazi nyepesi. Lakini taa moja ikififia upande mmoja, dagaa wanatoka kwa mlango huo huo, na mmerudi na maji. Na aliyeziandaa taa hizo nchi kavu, kuanzia saa tisa alasiri, kila siku ya giza, kwa miaka thelathini na moja, ni mimi.

Aliyenifundisha ni Mama Nyabise, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Jambo la kwanza lilikuwa soksi. Ndani ya karabai kuna kitambaa kidogo kama soksi ya mtoto mchanga, ndicho kinachotoa mwanga. Soksi mpya unaifunga kwa uzi wake, unaichoma kwa kiberiti kwanza, inakuwa nyeupe, inabaki jivu tupu lililosimama. Ukishafika hapo huigusi tena.

"Ichukulie kama mtoto aliyelala baada ya kulia sana," Mama Nyabise aliniambia. "Hata kikohozi, nenda ukakohoe kwenu."

Wiki ya kwanza nikaona ile nyeupe haikutakata vizuri. Nikachukua ncha ya kanga nikaifuta. Ilitawanyika yote. Na ilikuwa ya mwisho pale mwaloni, ufukweni tunapopokea mitumbwi. Masatu, ambaye alikuwa bado hajanioa, anaangalia tu, akatoka na taa pungufu na kurudi na dagaa wa kujaza sufuria. Aliponiposa, mama yangu alimuuliza amenipendea nini. Akajibu, "Usafi." Mpaka anakufa sikujua kama alikuwa ananitania.

Jambo la pili ni kutotikisa. Taa ikiwa juu ya maji haitakiwi kucheza. Dagaa wanaamini taa iliyotulia. Ukitaka kuwasogeza, unaivuta polepole kama unamtoa ng'ombe zizini bila kuamsha nyumba. Jambo la tatu ni kivuli, na hili watu wengi hawalijui: samaki wakubwa hawaji kwenye mwanga. Wanakaa chini, pale mwanga unapoishia, wanawatazama wadogo wakicheza. Masatu alikuwa akisema dagaa wako sebuleni na wakubwa wako jikoni.

Halafu zikaja taa za betri. Hazilii, hazina soksi, hazina pampu. Kijana mmoja anaitwa Malima akaniambia mbele ya watu, "Mama Neema, sasa utasafisha nini?" Nikamwambia nitaanza na mdomo wake. Watu walicheka, lakini jioni ile nilikaa pale mwaloni mikono mitupu. Kazi yangu ikaishia hapo. Mwaka 2017 Neema akanileta Texas, na nilidhani habari za taa na samaki zimekwisha.

Siku moja Magesa alikuwa anaongea na simu sebuleni, mimi niko jikoni. Nikasikia, "Ijumaa tunakwenda kuvua karabai na taa." Nikaacha vitunguu.

"Neema," nikamwita binti yangu, "mumeo anasema anakwenda kuvua karabai?"

"Krapi, Mama. Ni samaki."

"Karabai ni samaki?"

"Krapi! Kra-pi. Wanamvua usiku, kwa taa."

"Ndiyo nasema hivyo hivyo."

Alicheka mpaka akakaa. Lakini mimi sikucheka. Usiku, kwa taa. Moyo wangu ulikuwa umeshavaa viatu. Nikamwambia nakwenda nao.

"Mama, utakaa na Magesa ziwani usiku kucha?"

Hapo niwafafanulie, maana nyie huku mnawakumbatia hata wakwe. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawakai benchi moja, hawali sahani moja, hawashikani mikono. Mkwe hamkatazi mama mkwe jambo, wala hamsahihishi mbele ya watu. Magesa ni wa huko huko Musoma, amelelewa vizuri, heshima hiyo anaijua kuliko mimi. Kwenye gari nilikaa nyuma, upande wa pili kabisa. Nyumbani tulikuwa tukizungumza kwa kupitia Neema hata tukiwa chumba kimoja.

"Ziwa ni kubwa," nikamjibu Neema. "Yeye akae upande wake."

Na jambo jingine mlijue mapema, maana ndilo lililokuwa limeishikilia nyumba yetu yote. Mwanasheria alikuwa amemwambia Magesa kwamba mpaka siku ya usaili asipatikane na karatasi yoyote ya kosa. Hata ya kuegesha gari. Magesa alikuwa akiendesha polepole hadi watu wanapiga honi. Mbwa wa jirani akiingia uani kwetu, anamwomba radhi mbwa.

Wiki ile nikafanya maandalizi yangu. Nilijua wanaume watachukua vifaa pungufu, wanaume wote ni hivyo. Neema alikuwa amevua pazia la jikoni kulifua, la lesi, lina maua ya njano na vitundu vizuri, vidogo, vya dagaa kabisa. Nikapinda waya wa kutundikia nguo, nikashona pazia kuzunguka waya, nikaliunga kwenye mpini wa kudekia. Nikalifunga ndani ya kanga, nikaliweka kwenye buti ya gari kabla hawajatoka. Sikumwambia mtu. Nilitaka wanishukuru wenyewe.

Njiani Magesa akakohoa. Akamwangalia Otieno aliyekaa mbele, halafu akazungumza na kioo cha gari, asinitazame.

"Mama, samahani. Samaki wa huku wana utaratibu wao."

"Wapi hakuna utaratibu, baba," nikamjibu. "Nitauona tu."

Mkwe mwingine angesema: Mama, huku kuna sheria, huyu haruhusiwi kuvuliwa kwa wavu, ni kwa ndoano tu, na akiwa mfupi kuliko inchi kumi anarudishwa majini. Lakini Magesa hawezi kumwambia mama mkwe "hairuhusiwi." Kwa hiyo akasema samaki wana utaratibu wao, na mimi nikaelewa tabia za samaki: wanakula saa ngapi, wanapenda kina gani. Heshima ndiyo iliyotuponza wote wawili, na mpaka leo sijui nani alaumiwe.

Tulikwenda ziwa la Joe Pool, si mbali na DeSoto. Otieno aliniambia limechimbwa na watu. Nikamuuliza ziwa linachimbwaje. Akaanza kunieleza habari za ukuta wa kuzuia mto, nikamwacha aseme, sikuelewa. Kulikuwa na gati la mbao linaloelea. Mista Clarence alikuwa ameshafika, kofia kichwani, kiti cha kukunja, sanduku la barafu ambalo juu yake amebandika rula. Nikajua ni mtu wa kushona kama mimi. Kumbe ni ya kupimia samaki.

"Shikamoo mista," nikamwambia.

"Mahaba!" akajibu, maana Otieno alikuwa amemfundisha marahaba, ikamtoka hivyo. Otieno akageukia pembeni mabega yakimtetemeka.

Halafu Mista Clarence akatoa kitu kirefu kama chupa ya chai, akakiunga na betri ya gari, kikawaka kijani. Nikasema kimoyomoyo, haya, taa hii hapa, kielea kiko wapi? Akaitupa majini. Ikazama.

"Taa imezama!" nikapiga kelele. "Magesa! Otieno! Mzee amezamisha taa!"

"Mama, tulia," Otieno akasema, machozi yakimtoka. "Hiyo ofisi yake iko huko chini."

Na ilikuwa inawaka kweli. Chini ya maji, kijani, kama ziwa limemeza mbalamwezi. Miaka thelathini na moja nimekinga taa zisiguswe hata na tone la maji. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikaangalia, na siwezi kuwaambia nilijisikiaje. Sikuwa na furaha wala huzuni. Nilikuwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta milango imebadilishwa mahali.

Likafuata la pili. Otieno akafungua ndoo ndogo iliyojaa visamaki hai, vilivyonunuliwa dukani.

"Mama, hizi ni kama omena."

"Dagaa."

"Omena, Mama."

"Mwanangu, hata ukiwaita malaika. Sasa mbona unamchoma ndoano na kumrudisha majini?"

"Ni chambo. Krapi anakuja kumkula."

"Mmenunua dagaa mzima, mmemleta ziwani, mmtupe ziwani?"

"Eeh. Sasa umeelewa."

Sikuwa nimeelewa. Basi wakaenda ncha ya pili ya gati na fimbo zao, Magesa akiwa wa mbali zaidi kwa ajili yangu, wakatumbukiza ndoano na kuanza kubishana habari za mpira. Mista Clarence akasinzia kwenye kiti, fimbo mkononi.

Mimi nikabaki na taa. Kwanza wakaja wadudu. Halafu visamaki, vichache, halafu vingi, vinazunguka upande mmoja kama watu wa harusi wanaozunguka meza ya keki. Ilikuwa ni ile ile ya Majita. Taa imezama, ni ya kijani, haina soksi, na dagaa wamekuja. Nikasubiri mtu aseme "zungusha." Hakuna aliyesema. Nikawaangalia, wamegeuza migongo. Nikasema hawa wataamka alfajiri waulize dagaa wameenda wapi.

Nikatazama chini zaidi, pale mwanga unapofia. Wakubwa walikuwa jikoni. Wapana, wamesimama kimya, tumbo linang'aa.

Nikaenda garini nikatoa wavu wangu.

Sikilizeni, maana hii ni kazi na nawafundisha, ingawa msije mkaifanya huku. Usichote kutoka juu, kivuli cha mkono kinawatawanya. Unazamisha wavu mbali, gizani, unaupitisha chini ya taa, unautuliza. Unasubiri mpaka wakusahau. Halafu unapandisha kwa kasi moja, husiti. Nilipiga magoti kwenye mbao, mkono majini mpaka begani. Mara ya kwanza dagaa tupu. Mara ya pili dagaa na krapi wawili. Huyu krapi ni mweupe, ana madoa meusi, mpana kama sato aliyefunga mwezi mzima, mdomo mwembamba kama karatasi. Nikamtia kwenye ndoo yenye maji. Wengi walikuwa wa kiganja tu. Nilifurahi, maana wadogo hukauka upesi.

Sijui nilichota mara ngapi. Nilikuwa nimerudi kazini.

Otieno ndiye wa kwanza kuja, kufuata soda. Akasimama. Akaangalia ndoo, akaangalia pazia.

"Mama! Wewe umetumaliza!" Halafu sauti ikashuka. "Ngoja. Ngoja kidogo. Magesa! Kuja uone hii maneno."

Magesa akaja mbio, akafunga breki hatua nne kutoka nilipo, kama inavyotakiwa. Mikono akaiweka nyuma.

"Mama," akasema. "Mama, hawa samaki... utaratibu wao..."

"Utaratibu wao nimeuona, baba. Wanakaa chini kwenye kivuli. Nimewazidi akili."

Magesa akautazama wavu. Angeweza kuninyang'anya ule mpini, lakini angeushikaje bila kunigusa? Akamwangalia Otieno ili Otieno aseme. Otieno akamwamsha Mista Clarence ili Mista Clarence aseme. Mista Clarence akaangalia ndoo, akavua kofia, akasema neno moja fupi. Na wakati huo huo tukasikia viatu kwenye mbao.

Ilikuwa tochi tu, na nyuma ya tochi mtu mkubwa mwenye sare. Aliongea kwa upole. Akawataka leseni za uvuvi, wakatoa. Akamulika ndoo. Akachukua rula yake, akapima krapi mmoja, wa pili, wa tatu, hakupima wa nne. Halafu akamulika wavu wangu, akauinua, maua ya njano yakaonekana yote mpaka ushonaji wa pindo. Akauliza.

Nilijua anauliza ni wa nani. Swali hilo halihitaji shule. Na hapo ndipo nilipomwangalia Magesa, na uso wake ulikuwa umepoteza rangi, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba hapa pana kosa, na kwamba karatasi ile ya kosa tuliyoikimbia miezi yote sasa imetufuata mpaka ziwani.

"Mwambie wavu ni wangu," nikamwambia Magesa. "Mwambie Nyangeta binti Mafuru ameushona mwenyewe, wewe hukujua."

Akaanza kutafsiri. Mimi nilikuwa nimesema maneno machache, yeye akaongea kama anahubiri. Kiingereza sikijui, lakini majina nayajua, na mtu akitaja jina langu kwa lugha yoyote nitalisikia. Nikasubiri kusikia "Nyangeta." Sikulisikia. Nikasikia "mama" mara moja, na Magesa akaonyesha kichwa chake kwa kidole, afisa akanitazama kwa huruma.

Haya. Nikajua ameniuza. Nikajua anasema huyu bibi akili zimeruka, msimsikilize. Na nilikuwa tayari kubeba kosa, lakini si kubeba wazimu. Afisa akachukua leseni ya Magesa, akafungua kitabu chake, akaanza kuandika. Nikachanganyikiwa zaidi. Kama amesema mimi ni mwendawazimu, mbona anaandikwa yeye?

Nilimwangalia Otieno. Otieno alikuwa ameshika mdomo.

Basi nikaacha kutafsiriwa. Nikasimama, nikauchukua wavu mkononi mwa afisa, taratibu, nikapiga magoti pale pale, nikauzamisha gizani, nikautuliza, nikaupandisha. Dagaa na krapi mmoja. Nikajipiga kifua. "Mimi. Nyangeta." Nikamwonyesha mkono wangu, gauni limelowa mpaka shingoni. Nikamwonyesha shati la Magesa, kavu, limepigwa pasi na Neema.

Afisa akatazama gauni langu, akatazama shati la Magesa. Mista Clarence akasema kitu, sauti ya chini, na afisa akacheka kwa pua. Halafu kalamu ikafanya shshk, shshk, akaniuliza jina. Nikamtajia herufi moja moja kama alivyonifundisha mwalimu Nyamhanga. Nikisema "e" yeye anaandika A. Nikisema "a" anasimama hajui aandike nini. Nikamwambia, "Siyo hivyo, baba, rudia," kwa Kiswahili, na akarudia. Sikutaka jina litoke na pengo ambamo mtu mwingine angeingizwa.

Ilikuwa karatasi ya onyo tu, bila faini. Krapi wote wakarudishwa majini, wakaogelea kama hawakutujua. Wavu akauchukua. Tukarudi nyumbani, na kila baada ya taa za barabarani Otieno alinong'ona, "Pazia, jamani. Pazia." Neema alitafuta pazia lake siku tatu kabla sijamwambia.

Magesa nilimnunia. Kwa sisi tusiosemezana moja kwa moja ni vigumu kununiana, inabidi ufanye bidii. Nikamwambia Neema asinipe tena salamu zake. Nikakaa chumbani anaporudi kazini. Neema akauliza kuna nini, nikasema muulize mumeo alimwambia nini yule afisa. Akamuuliza. Magesa akasema, "Nilitafsiri alichosema Mama." Nikasema mwongo.

Usaili ukaja. Neema, ambaye hatupi hata risiti ya sabuni, alikuwa ametia karatasi zote za nyumba kwenye faili, na ile ya ziwani pia, kwa sababu Magesa alisema akiulizwa atasema ukweli. Walitoka asubuhi. Nilishinda nimekaa na mfuko wa maharage mapajani, sikuchambua hata moja. Waliporudi Neema alikuwa anapiga vigelegele tangu kwenye gari, majirani wakachungulia. Amepita. Bado kuapa tu. Nililia, nikaenda kusimama mbali kidogo na Magesa, na huko ndiko kumpongeza mkwe.

Faili lilikuwa limeachwa mezani. Nikaitafuta ile karatasi, nilitaka kuona jina langu limeandikwaje. Lilikuwepo, na E yangu ilikuwa mahali pake. Lakini juu yake palikuwa na kitu kilichokatwa kwa mistari miwili. Nikaisogeza dirishani. M. A. G. E. Hapo kalamu ilikuwa imesimama.

Nikaenda kwa Mista Clarence pamoja na Neema atafsiri. Mzee akashangaa kwamba sijui. Akasema Magesa alimwambia afisa kwamba wavu ni wake, ameushona yeye, kwamba alipaswa kuwa na akili zaidi, na kwamba mama yake hakufanya lolote, amekuja kuangalia taa. Akasema alirudia mara mbili. Neema alipofika hapo akatoka nje, akamalizia kwenye ngazi.

Jioni nikamsubiri Magesa. Nilivunja mila tena, kama usiku ule wa ziwani, nikamsemesha mwenyewe, yeye mlangoni, mimi jikoni.

"Baba, kwenye karatasi hii palikuwa na jina lako?"

"Kalamu ya afisa iliteleza, Mama."

"Ikateleza ikaandika herufi nne?"

"Kalamu za huku, Mama." Akainamisha kichwa, akapita kwenda kuoga.

Sasa mimi mpaka leo sielewi vizuri. Magesa anashikilia kwamba alitafsiri. Mista Clarence anashikilia alichosikia. Otieno nilimpigia simu wiki iliyopita, akasema, "Mama, mimi nilikuwa naomba Mungu, sikuskia kitu." Kiingereza cha usiku ule kilipita juu ya kichwa changu kama ndege wa jioni. Huenda ziwa nimelikosea jina, huenda ilikuwa mwezi wa nane, huenda Mista Clarence hakuwa fundi wa mabasi bali wa malori. Mkimjua mmoja wao na akawasimulia vinginevyo, nisahihisheni, nitafuta na kuandika upya, daftari bado lina kurasa. Ila zile herufi nne msizisahihishe. Nilizisoma mwenyewe dirishani, kwa mwanga wa mchana, halafu nikazisoma tena.